Ubao wa Chumba cha Mwisho

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu asubuhi ile mpaka muuza duka alikuwa ameacha kusalimu wateja. Tangazo la kufungua shule lilikuwa limesomwa redioni siku chache tu nyuma, na ghafla kila mkuu wa shule mjini alikumbuka kwamba ana mabomba mabovu, vitasa vilivyoliwa na kutu na kuta zilizoota ukungu. Watu walisukumana na ndoo mikononi, barakoa zimewashuka hadi kidevuni, kila mmoja akimwambia mwenzake asogee mbali kidogo, na hakuna aliyesogea.

Katikati ya msukumano huo alikuwamo mwalimu mmoja kijana, gauni la zambarau limepigwa pasi likakubali, kitambaa cheupe kichwani, na miguuni raba, maana alijua mbele yake kuna kazi ya kufagia. Alikuwa ametumwa rangi nyeusi ya ubao. Aliliona kopo la mwisho kabisa kwenye rafu ya juu, akanyoosha mkono. Alipolishika, akakuta upande wa pili limeshikwa na mkono mwingine, mkono wenye madoa ya rangi ya kila namna.

"Samahani, kaka. Hili nimeliona mimi kwanza."

"Kuona si kushika, dada. Mimi nimelishika."

"Na mimi nimelishika."

"Basi tumeshikana," alisema yule mwanamume, na macho yake juu ya barakoa yakacheka. Alivaa ovaroli ambayo huenda siku za nyuma ilikuwa ya bluu, na kwenye ncha ya sikio lake la kushoto palikuwa na tone la rangi nyeupe lililokauka.

"Mimi nina shule inafunguliwa, sina muda wa mzaha," alisema Mwalimu.

"Na mimi kazi yenyewe ni ya shule. Unadhani nataka kupaka kitanda changu rangi ya ubao?"

"Sijui unalala vipi."

Muuza duka akaegemea kaunta. "Nyinyi wawili, lipeni au muoane. Watu wanasubiri."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu alihisi uso umemwaka, akashukuru kwamba barakoa ina faida nyingine zaidi ya ile inayotangazwa. Yule fundi akaliachia kopo taratibu.

"Chukua, Mwalimu. Lakini usiipake nene, chaki itateleza. Nipe namba yako basi, ukiharibu nije nirekebishe."

"Sitaharibu," alisema Mwalimu, akalipa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Alitamani kugeuka, tusimsingizie, ila hakugeuka.

Kesho yake asubuhi alifika shuleni akiwa hana hili wala lile, akamkuta mtu langoni na ngazi begani. Sikio la kushoto lilikuwa bado na tone lake. Mwalimu alisimama kama aliyegota kwenye ukuta.

"Umenifuata?"

"Mimi?" Fundi naye alikuwa ametoa macho. "Mimi nimeajiriwa hapa. Mwalimu Mkuu kanipa kazi ya kupaka shule nzima. Wewe ndiye umenifuata."

Kumbe kopo lile walilipigania wote wawili kwa ajili ya shule moja.

Shule ilikuwa imefungwa muda mrefu mno. Nyasi zilikuwa zimepasua sakafu ya ukumbi, ndege wamejenga ndani ya kengele, na madawati yamepangwa vilevile yalivyoachwa mchana ule watoto walipoambiwa wachukue mikoba yao waende nyumbani, watapewa taarifa. Mwalimu Mkuu, mgeni aliyehamishiwa pale wakati milango bado imefungwa, alimkabidhi Mwalimu shada la funguo akamwomba afungue vyumba vyote vipate hewa. Akaongeza kwamba sasa atashika darasa la nne, lililokuwa halina mwalimu. Watoto walikuwa wanarudi kwenye madarasa yaleyale waliyoyaacha, kwa kuwa mwaka wao haukukamilika.

Mwalimu aliitikia tu. Hakumwambia kwa nini darasa hilo halina mwalimu.

Alivifungua vyumba kimoja kimoja, akifukuza popo, akifungua madirisha. Chumba cha darasa la nne kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, karibu na mabomba ya kunawia. Ufunguo ulikataa kidogo, kisha ukakubali. Akaingia, akasimama hapohapo.

Ubao ulikuwa umejaa maandishi. Juu, kwa herufi kubwa: Safari ya Maji. Chini yake mchoro wa wingu, kilima na bahari, na mishale ikizunguka. Kisha sentensi zilizopangwa vizuri, mstari kwa mstari. Maji hayapotei, hubadilika tu. Hupanda yakiwa mvuke, hushuka yakiwa mvua. Na kwenye kona ya chini, kama ilivyokuwa kila siku kwenye ubao ule: Tutaendelea kesho.

Ulikuwa mwandiko wa mama yake.

Mama yake alilifundisha darasa la nne pale kwa miaka yote Mwalimu aliyoweza kuikumbuka. Aliandika somo lile mchana wa mwisho, akafunga mlango, akaenda nyumbani. Ugonjwa ulipomkamata, alipelekwa hospitali na gari, binti yake akaachwa nje ya geti. Hakumwona tena. Alizikwa na watu wachache waliovaa kama wanaokwenda mwezini, na binti yake akitazama kutoka mbali. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyeaga. Na sasa, huku akiwa ameshika fagio, Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mama yake, vumbi na kipande kifupi cha chaki bado viko kwenye kidau cha chini ya ubao, kana kwamba aliyeandika ametoka kunywa maji na atarudi.

Alikaa kwenye dawati la mbele, akausoma ubao wote mara mbili. Kopo la rangi nyeusi lilikuwa kwenye kikapu chake. Akalitia ndani ya mtoto wa meza ya mama yake, akafunga chumba, akaupachua ufunguo ule kwenye shada na kuutia mfukoni.

"Chumba cha mwisho utakifanya mwisho," alimwambia Fundi alipomkuta kwenye korido.

"Kuna nini humo?"

"Hakuna kitu. Nimesema mwisho tu."

"Amri ya mwalimu," alisema Fundi, akapiga saluti kwa brashi.

Kama angemweleza siku ile, mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwapa. Lakini yalikuwa maneno ambayo hata nyumbani kwa mama mdogo, alikokuwa akiishi, hakuweza kuyatamka.

Kazi ikaanza, na mapenzi yakaingia kwa mlango wa kazi. Mwalimu ndiye aliyekagua kuta kabla hazijapakwa, na kwa kuwa Fundi mara nyingi alikuwa juu ya ngazi chumba cha jirani, alimwachia maagizo kwa chaki ukutani. Hapa kuna ufa. Hapa kuna unyevu, usipake kwanza. Fundi naye akaanza kumjibu kwa penseli chini yake. Nimeona ufa. Nimekuona na wewe. Mwalimu alisoma, akajitia hamnazo, akaandika chumba kilichofuata: Fundi afanye kazi aliyolipiwa. Jibu likamkuta kesho yake: Hii nafanya bure.

Mchana mmoja walikaa kwenye ngazi za ukumbi, kila mmoja upande wake, kunywa maji. Ndipo wote wawili walipovua barakoa kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja. Fundi alimwangalia, chupa ikabaki hewani.

"Nini?" Mwalimu aliuliza.

"Una mwanya."

"Na wewe una ndevu. Nilidhani huna."

"Siku zote hizi nimekuwa nikiongea na macho tu. Sasa naona mdomo nao upo, na una mwanya. Hii si haki, Mwalimu wangu. Ungetoa onyo mapema."

"Ningekupa onyo, ungekimbia?"

"Ningejinyoa."

Mwalimu alicheka mpaka maji yakampalia. Alikuwa hajacheka hivyo tangu msiba, na kicheko chenyewe kilimshtua, akaziba mdomo kwa mkono.

Tangu hapo simu haikupumzika. Jioni akiwa jikoni anamsaidia mama mdogo kumenya viazi, simu inalia.

"Umefika salama?"

"Nimefika zamani. Umeniuliza hilo nikiwa njiani."

"Nauliza tena. Huenda ulitoka ukarudi."

"Fundi, huna kazi?"

"Ninayo. Naongea na mpenzi wangu. Unafanya nini?"

"Namenya viazi."

"Vina bahati hivyo viazi."

Mama mdogo, ambaye kila mtu alijua masikio yake ni mazito, alikuwa hapitwi na neno hata moja la simu hizo. "Mwambie huyo mpaka rangi," alikuwa akisema bila kuinua kichwa, "hivyo viazi havijaiva, na wewe hujamenya hata nusu."

Wakati mwingine Fundi aliuliza juu ya familia. Mwalimu alisema ana mama mdogo tu, mama alifariki kipindi kile cha maradhi. Fundi akasema pole, akangoja. Mwalimu akabadilisha mazungumzo. Alikuwa fundi mwenye adabu, hakubandua alichoona hakijakauka.

Wiki ya mwisho ikafika. Ijumaa wangekuja wakaguzi wa afya, Jumatatu watoto. Jumatano Mwalimu aliomba ruhusa ampeleke mama mdogo kupima presha, na ndiyo siku Mwalimu Mkuu, akizunguka na karatasi yake ya ukaguzi, alipojaribu mlango wa chumba cha mwisho ukakataa kufunguka. Akamwita Fundi, akampa ufunguo wa akiba, akamwambia kila chumba kiwe tayari kabla ya Ijumaa.

Fundi alisimama mbele ya ubao ule akatabasamu. Ule mwandiko aliujua. Si alikuwa akiusoma kila siku ukutani? Akavuta mtoto wa meza kutafuta kitambaa, na alichokikuta ndani kikamfanya acheke peke yake. Kopo la rangi nyeusi, lilelile walilogombania dukani. Amenifichia humu, alijisemea. Ndiyo maana kasema mwisho. Na hapohapo wazo alilokuwa nalo moyoni kwa siku nyingi likapata mahali pa kukaa.

Akachukua kitambaa cha maji na msasa. Akafuta, akasugua, akapaka mkono wa kwanza, akangoja, akapaka wa pili, wepesi, chaki isije ikateleza.

Alhamisi asubuhi Mwalimu aliingia getini amevaa gauni jipya la maua madogo, lile ambalo Fundi alisema siku atakapolivaa atadondoka kwenye ngazi. Fundi alimngoja koridoni, ovaroli imefuliwa, mikono nyuma.

"Fumba macho."

"Nina kazi mimi."

"Fumba tu, mpenzi wangu. Hatua chache."

Akafumba. Alisikia kitasa kikizungushwa, akasikia harufu ya rangi, na kabla akili haijamwambia yuko wapi, Fundi akasema, "Fumbua."

Ubao ulikuwa mweusi tii, unang'aa. Katikati yake, kwa herufi za fundi wa mabango zilizopambwa kwa chaki nyekundu na njano, paliandikwa: Mwalimu wangu, unakubali nikuoe?

Mwalimu hakusoma. Aliangalia kona ya chini. Palikuwa peusi. Akaangalia juu, pale palipokuwa na wingu na mishale. Peusi. Masikio yake yakaanza kulia ngiii, na sauti ya Fundi ikawa inatoka mbali, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Nimepaka mikono miwili. Nimetumia kopo letu. Mbona husemi, mama?"

"Nani amekuambia ufute?"

"Nini?"

"Nauliza nani amekuambia ufute."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kicheko, hata kwa kuombwa muda wa kufikiri. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. "Lilikuwa somo tu," alisema. "Somo la zamani. Si utaliandika tena?"

Mwalimu aligeuka akamwangalia kama mtu asiyemjua kabisa. Alienda ubaoni, akaweka kiganja juu ya maneno, akayavuta. Nusu ya swali ikageuka ukungu wa rangi. Akakuna kwa kucha palipokuwa na kona, akitafuta kama kuna chochote chini. Palikuwa na rangi tu.

"Sitaki kukuona," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Hapa wala popote."

Akatoka. Fundi akabaki katikati ya chumba, mdomo wazi, chaki nyekundu mkononi. Akaelewa alivyoelewa: kwamba amemposa mwalimu, na mwalimu amekumbuka kwamba yeye ni mpaka rangi.

Nyumbani Mwalimu alilala akiangalia ukuta. Simu ikalia, ikalia, akaitia chini ya mto. Ijumaa ikapita hivyo, wakaguzi wakaja wakaondoka bila yeye. Jumamosi mchana mama mdogo akachoka. Akainua mto, akachukua simu, na kwa ajili ya masikio yake akaiweka kwenye spika.

"Hapa anaongea mama yake mdogo. Sema, mpaka rangi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemfanya nini mwanangu? Hali, hasemi."

"Nilimposa, mama."

Mama mdogo akaitazama simu. "Ulimposa?"

"Ndiyo. Niliandika ubaoni. Kama ni kwa sababu ya kazi yangu, angeniambia tu, mimi ni mtu mzima. Lakini kunifukuza vile..."

"Subiri. Ubao gani?"

"Wa chumba cha mwisho. Nilifuta somo lake, nikapaka upya."

Mama mdogo aliketi kitandani taratibu, miguuni kwa Mwalimu aliyejifunika gubigubi. "Baba," alisema, "lile halikuwa somo lake. Lilikuwa la dada yangu. Mama yake. Ndicho kitu cha mwisho alichoandika duniani. Mtoto huyu alikikuta humo akakifungia, hata mimi kaniambia jana tu, wala hakusema kwamba kimefutwa."

Sauti ya Fundi ikaja imekatika vipande. "Mama, wallahi sikujua. Mimi nilijua ni mwandiko wake yeye. Nausoma kila siku ukutani. Nilijua ni wake."

"Mwongo," alisema Mwalimu chini ya shuka. Ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Mwambie ni mwongo. Mama yangu mwandiko wake haukuwa na mwenziwe."

Mama mdogo alikuwa akimtazama yule mtoto aliyejifunika, na usoni mwake palikuwa na mshangao kama wa mtu aliyepapasa mfukoni akakuta kitu alichokitafuta nyumba nzima. Lakini alisema tu, "Kesho nenda shuleni. Jumatatu watoto wanakuja, hujapanga hata dawati."

Mwalimu akaenda Jumapili, kwa ajili ya madawati. Aliyakuta yamekwisha kupangwa, mbalimbali, na alama nyeupe sakafuni mahali pa kila kiti. Fundi alikuwa koridoni, shati safi, hana brashi wala ngazi, mikono haijui ikae wapi. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, kama inawezekana.

"Nimekuja kuona darasa," alisema Mwalimu.

"Sikuzuii. Wala sitaomba radhi tena, nimeshaomba mpaka mama mdogo kanikataza. Nataka nikuonyeshe kitu kimoja, kisha nitaondoka."

"Sina haja."

"Kimoja tu, Mwalimu."

Akamtangulia hadi darasa la pili, chumba cha kwanza walichokifanyia kazi. Kuta zilikuwa nyeupe, zinaumiza macho. Fundi akashika kabati la vitabu, akalisogeza. Nyuma yake palikuwa na kipande cha ukuta cha zamani, kichafu, hakikupakwa. Juu yake kwa chaki: Hapa kuna unyevu, usipake kwanza. Kisha tutaendelea.

"Unyevu ulikauka zamani," alisema Fundi. "Vyumba vyote nimepaka. Hapa kila nikija na brashi mkono unakataa. Nikaficha kwa kabati, Mwalimu Mkuu asione. Nilikuwa nimeupenda huu mwandiko kabla sijaona mwanya. Sasa niambie wewe, ningejuaje kwamba ule wa kule si huu?"

Mwalimu alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu tayari ulimini, kali. Lakini macho yalikuwa yameshafika kwenye ile K.

K ya mama yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu, umenyooka mbele kama mtu aliyekaa mkekani. Watoto walikuwa wakiicheka. Na hii ya ukutani, aliyoiandika yeye mwenyewe haraka haraka, huku akifikiria unyevu, ilikuwa imekaa mkekani imenyoosha mguu. Akaangalia T, akaona kofia yake iliyoinamia kulia. Akaangalia P na tumbo lake lisilofunga vizuri. Akashika kabati.

Alikumbuka sakafu ya jikoni. Yeye mdogo, amepiga magoti mbele ya mlango wa kabati la vyombo, na nyuma yake mama, kidevu kimemgusa kichwani, mkono mkubwa umeufunika mkono mdogo wenye chaki. Nyoosha mguu, mwanangu, usiukunje, utapata ganzi. Walifanya hivyo jioni nyingi mno. Halafu mkono mkubwa ukaacha, mdogo ukaendelea, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba ulifundishwa. Siku zote za msiba alilia kwamba hakuachiwa hata kitu kidogo cha kushika. Na siku zote hizo alikuwa akikitembeza, akiandikia maagizo ya ufa na unyevu.

"Sikujua," alinong'ona. "Wallahi sikujua."

"Nani?"

"Mimi."

Alitoka mbio, Fundi akamfuata. Katika chumba cha mwisho lile swali lilikuwa bado pale nusu, limevurugwa na kiganja. Akalifuta lote kwa kitambaa cha maji. Akangoja ubao ukauke, anautazama tu. Kisha akachukua chaki nyeupe kwenye kidau, kile kipande kifupi kilichoachwa pale, akaandika. Safari ya Maji. Hakufikiria. Aliuachia mkono, nao ukajua njia, wingu, kilima, mishale, mstari kwa mstari hadi kwenye kona.

Akatembea kinyumenyume mpaka dawati la mwisho, akakaa, akainua macho. Alikuwa pale. Mama yake alikuwa pale mzima, kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Mwalimu akalia kwa sauti, kilio alichokuwa hajalia hata siku ya mazishi, na Fundi akasimama mlangoni, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Swali lake limefutwa mbele ya macho yake, na hakulitaja. Huyu mtu alikuwa na busara, tumpe haki yake.

Jumatatu watoto walirudi. Walipangwa mstari langoni, wakanawishwa mikono, wakapimwa joto la paji, sare zimewabana, sketi zilizokuwa za magotini sasa zikielea juu. Darasa la nne waliingia mmoja mmoja, kwa kelele za watu wasioonana muda mrefu. Kelele zikakatika ghafla, kama redio iliyozimwa.

Mwalimu alikuwa akifungua dirisha. Aligeuka. Watoto wote walikuwa wamesimama, wanautazama ubao. Msichana mmoja mrefu, mkoba mkubwa mgongoni, aliyekuwa amepelekwa kijijini kwa bibi yake muda wote wa kufungwa shule, alishusha barakoa bila kujua.

"Amerudi," alisema. "Mwalimu wetu amerudi. Si mlisema amekufa?"

Mwalimu alishika ukingo wa dirisha. Nje, kwenye mabomba, Fundi aliyekuwa akifunga koki ya mwisho aliinua kichwa, akaganda.

"Hajarudi," alisema Mwalimu. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Ni kweli alifariki. Alikuwa mama yangu. Hayo nimeandika mimi jana."

"Lakini huo ni mwandiko wake."

"Ndiyo. Alinifundisha nikiwa mdogo kuliko wewe. Na wewe alikufundisha. Hebu fungua daftari lako, uangalie K yako."

Mikoba ikafunguliwa. Vikatokea vifijo vidogo vya mshangao, "Ona yangu," "Na yangu," "Nyoosha mguu, usiukunje," mmoja akasema kwa kuigiza, na darasa zima likacheka huku wengine wakijifuta macho. Mwalimu aliwaangalia, wote wale, na mkono wa mama yake umesambaa madawati yote.

Akawaambia wasome kimoyomoyo. Akatoka nje hadi kwenye mabomba. Fundi alisimama, spana mkononi.

"Ninakubali," alisema Mwalimu.

"Unakubali nini?"

"Uliniuliza ubaoni."

"Si umelifuta?"

"Na wewe ulifuta. Tumetoka sare."

Fundi alimtazama, akatazama koki, akatazama tena. "Mwalimu wangu, usinifanyie mzaha, nina presha kama ya mama yako mdogo."

"Sijawahi kusema neno kwa dhati kama hili. Ila posa rasmi utaileta nyumbani, na useme kwa sauti. Unajua masikio ya mama mdogo."

Spana ikamponyoka, ikagonga koki ambayo haijakazwa, na maji yakaruka juu, yakawamwagikia wote wawili, gauni na ovaroli. Kwenye madirisha ya chumba cha mwisho vichwa vilikuwa vimejaa, vinacheka. Hakuna aliyekuwa akisoma kimoyomoyo.

Mwalimu alirudi darasani akidondosha maji, akasimama mbele. Watoto wakakaa kila mmoja kwenye alama yake. Yule msichana mrefu akanyoosha mkono, kidole kingine kikionyesha kona ya chini ya ubao.

"Mwalimu, pale pameandikwa tutaendelea kesho. Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo," alisema Mwalimu, akachukua chaki.